Urefu Peke Yake Si Kipimo cha Ubao

Bwana Mhariri, nakuomba nafasi katika gazeti letu niseme na wasomaji juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo latula mali yetu mwaka kwa mwaka. Jambo lenyewe ni hesabu ya eneo katika kazi ya useremala. Najua wako watakaofunua ukurasa mwingine wakisema, “Hayo ni mambo ya watoto wa shule.” Nawaomba wasifanye haraka. Mtu asiyejua kupima uso wa ubao hulipa kodi asiyoandikiwa na Serikali yo yote, naye huilipa akishukuru.

Neno langu ni moja. Ubao hununuliwa kwa uso wake, wala si kwa urefu wake tu. Anayeuliza urefu akaacha kuuliza upana amepima nusu ya kitu, akalipa bei ya kitu kizima. Na seremala anayekubali kazi bila kuhesabu uso wake amejiuza mwenyewe, hata akiwa na mikono hodari kuliko wote wa pwani hii.

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu, maana desturi ya kutaja urefu peke yake haikuanza kwa upumbavu. Zamani mtu alipokwenda dukani kununua merikani alitaja dhiraa tu: nipe dhiraa nane, nipe dhiraa kumi. Hakutaja upana, kwa kuwa upana ulikwisha kuamuliwa na mfumaji, na jora zima lina upana mmoja toka mwanzo hata mwisho. Tena tazama nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Vyumba vyake vya kale ni virefu na vyembamba. Sababu yake ni boriti. Dari zililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa. Yapata futi 8 au 9 ndio mwisho wake. Basi upana wa chumba ulifungwa na mti, na mwenye nyumba aliyetaka nafasi zaidi aliongeza urefu. Mahali kama hapo, mtu akitaja urefu amekwisha kutaja na eneo. Hesabu ilikuwamo ndani ya nguo na ndani ya boriti, ijapokuwa haikuandikwa.

Lakini sisi tumeirithi desturi tukaiacha sababu yake. Mbao tunazonunua leo hazina upana mmoja. Zina jina moja, na jina si kipimo. Mtu aenda mahali pa kuuzia mbao, toka Bunju na Mapinga hata Kerege na Bagamoyo mjini, akaomba mbao za moja kwa nane, za futi 12. Apewa mbao zenye jina hilo, azihesabu kwa kidole, azipima urefu kwa hatua, alipa, apakia. Hakuna aliyelaza futikamba juu ya upana. Akifika nyumbani, ubao ulioitwa nane una inchi 7.

Tuhesabu pamoja, taratibu, kama mbele ya ubao wa darasani. Ubao wa futi 12 wenye upana wa inchi 8 una eneo la futi 8 za mraba, kwa maana inchi 8 ni theluthi mbili za futi, na theluthi mbili za 12 ni 8. Ubao wa futi 12 wenye upana wa inchi 7 una eneo la futi 7 za mraba. Inchi moja imepungua. Nani ataipigia kelele inchi moja? Lakini katika kila mbao 8 ulizolipia, umepewa uso wa mbao 7 tu. Wa nane umeulipia, wala hukuuona.

Sasa tuseme Wakristo wa kigango wamekubaliana kukata sakristia kwa ukuta wa mbao, upana wa futi 12 na kimo cha futi 10. Eneo lake ni futi 120 za mraba. Wazee wa kanisa wahesabu: kila ubao futi 8, basi mbao 15 zatosha. Wachanga fedha za mbao 15. Siku ya kazi mbao zapangwa moja juu ya mwenzake toka chini, nazo zote zina inchi 7. Mbao 15 zafika inchi 105, na kimo kilichotakiwa ni inchi 120. Juu pamebaki uwazi wa futi moja na robo. Zatakiwa mbao 18, na wa mwisho utapasuliwa. Ikiwa ubao mmoja ni shilingi 10,000, zimepungua shilingi 30,000. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja asema mtunza fedha amekula. Mwingine asema fundi ameiba mbao mbili usiku. Katekista aitwa kuamua, na watu waliokula Komunyo pamoja Jumapili hawasalimiani Jumatatu. Wala hakuna aliyeiba usiku. Upana haukupimwa mchana.

Wala sisemi kwamba kila muuzaji wa mbao ni mdanganyifu. Ubao mbichi hupungua ukikauka, na jambo hili yafaa kila mtu alijue: mti ukikauka hupungua upana wake, lakini urefu wake haupungui ila kidogo mno. Msumeno nao hula sehemu yake, na randa huondoa yake. Basi tazameni jinsi desturi yetu ilivyo kinyume. Upande ule usiobadilika ndio tunaoupima, na upande ule unaobadilika ndio tunaouamini kwa jina. Muuzaji mwema hatakasirika ukipima; na yule anayekasirika amekwisha kukujibu.

Watu wetu wamepiga kelele miaka mingi juu ya lumbesa, yaani lile gunia linaloshonewa kilemba cha viazi, mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Kelele hizo ni za haki. Lakini lumbesa huonekana kwa macho, hata mtoto huiona. Ubao mwembamba ni lumbesa iliyogeuzwa, nao hauonekani ila kwa futikamba. Yuko Wakala wa Vipimo, aliyeanza kazi mwaka 2002, na iko Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982. Vyote viwili ni vyema. Lakini sheria yaweza kukagua mizani na futikamba zisiwe za uongo. Haiwezi kukuzidishia urefu kwa upana wakati umesimama mbele ya mbao na fedha mkononi. Kazi hiyo ni yako.

Nimesema juu ya mnunuzi. Sasa niseme juu ya fundi, maana yeye pia huumia, tena kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aja kwa seremala, aona meza yenye urefu wa futi 4 na upana wa futi 2. Asema, “Fundi, nitengenezee kama hii, lakini mara mbili: futi 8 kwa futi 4. Nami nitakulipa mara mbili.” Seremala afurahi, apokea malipo ya awali. Masikini, hakuhesabu. Uso wa meza ya kwanza ni futi 8 za mraba. Uso wa meza ya pili ni futi 32. Si mara mbili, ni mara nne. Mbao za uso ni mara nne, msasa ni mara nne, vanishi ni mara nne, jasho la kuranda ni mara nne, na malipo ni mara mbili. Fundi huyo atamaliza kazi akiwa na deni, kisha atawaambia watu kwamba useremala hauna baraka, au kwamba jirani amemwendea kwa mganga. Hakurogwa na mtu. Ameongeza pande mbili akadai bei ya upande mmoja.

Liko na kosa jingine, jipya zaidi, lililokuja pamoja na simu zenye mashine ya kuhesabia. Mlango una kimo cha futi 6 na inchi 6, na upana wa futi 2 na inchi 6. Fundi aandika 6.6 mara 2.6, mashine yajibu 17.16, naye aamini kwa kuwa mashine haisemi uongo. Kweli mashine haikusema uongo. Ilijibu swali ambalo hakukusudia kuliuliza. Futi ina inchi 12, si 10. Inchi 6 ni nusu ya futi, basi hesabu ya haki ni 6.5 mara 2.5, yaani futi za mraba 16 na robo. Tofauti yakaribia futi moja ya mraba kwa mlango mmoja. Katika milango 10 ya shule yafika futi 9 za mraba, zaidi ya nusu ya mlango mzima, na wazazi wamelipa. Tena mwenye kuandika hivyo ataandika futi 2 na inchi 10 kuwa 2.10, na mashine itasoma kwamba mlango huo ni mwembamba kuliko ule wa futi 2 na inchi 6! Atakayetaka usalama ageuze vyote kuwa inchi kwanza: 78 mara 30 ni inchi 2,340 za mraba, kisha agawanye kwa 144, kwa kuwa futi moja ya mraba ina inchi 12 mara 12. Atapata ile 16 na robo. Au apime kwa meta toka mwanzo hata mwisho. Lililo baya ni kuchanganya.

Najua majibu nitakayopewa, nami nitayajibu moja moja.

Wa kwanza atasema, “Mafundi wa kale walichonga milango ya Bagamoyo inayostaajabiwa na watu wa mbali, nao hawakusoma hesabu zenu. Fundi wa kweli hupima kwa jicho.” Namwomba mtu huyu aende akasimame mbele ya mlango mmoja wa zamani, autazame vema. Mfaa umesimama katikati sawasawa, kushoto na kulia pana nafasi moja. Maua ya kizingitini yamegawanywa, hakuna moja lililobanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Je, hayo ni kazi ya jicho tupu? Hapana. Ni kazi ya bikari na uzi na mgawanyo. Fundi yule aligawanya uso wa mti kabla ya kugusa patasi. Hakuwa na daftari, lakini hesabu alikuwa nayo, naye alifundishwa miaka mingi kwa bwana wake. Tunamtukana marehemu tukisema alibahatisha. Anayepima kwa jicho leo hamfuati fundi yule. Amechukua jina lake akaiacha kazi yake.

Wa pili atasema, “Hesabu ya eneo ni ya vitabuni, mbao hazifuati vitabu.” Huyu ana nusu ya kweli, nami nitampa nusu yake. Hesabu ya eneo peke yake haitoshi. Tuchukue plaiwudi ya futi 8 kwa futi 4, ambayo eneo lake ni futi 32 za mraba. Twataka nyuso za meza za shule, kila moja futi 3 kwa futi 2 na nusu, yaani futi 7 na nusu za mraba. Gawanya: 32 kwa 7 na nusu ni 4 na kidogo. Mwanafunzi wa vitabuni atasema zatoka nyuso nne. Hazitoki! Upana wa futi 4 hauwezi kubeba nyuso mbili kwa ubavu, ukizigeuza upendavyo. Ukiweka zile futi 3 kufuata urefu wa plaiwudi, zatoka mbili tu. Ukiweka zile futi 2 na nusu kufuata urefu, zatoka tatu, tena pamebaki nusu futi ya kulisha msumeno. Basi kwa meza 12, fundi aliyechora kwanza hununua plaiwudi 4, na fundi aliyekata kwanza hununua 6. Kitabu kimetuonyesha mpaka ambao hatuwezi kuuvuka, na penseli imetuonyesha njia ya kukata. Lakini je, hilo lafanya hesabu isiwe na faida? Lafanya ihitajike zaidi. Yule asiyeipenda hesabu ya eneo kwa kuwa haitoshi, asituletee badala yake jicho, ambalo latosha kidogo zaidi.

Wa tatu atasema kwa upole, “Kupima mbele ya muuzaji ni kumtuhumu ndugu, Mkristo humwamini jirani.” Jibu hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwa maana lavaa nguo za dini. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 19, Mungu aliwakataza watu wake udhalimu katika kipimo cha urefu kama vile katika mizani. Hakuona kwamba kipimo ni tusi. Kipimo hulinda urafiki, kama ua ulindavyo ujirani wa mashamba mawili. Wale wazee wa sakristia niliowataja wangalipima siku ya kwanza, wasingalitukanana siku ya mwisho. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki nao huisha pamoja nayo.

Na tukiwa katika Maandiko, tusome Kitabu cha Kutoka kwa macho ya seremala. Katika sura ya 25 yameandikwa maagizo ya Sanduku la Agano: mti wa mshita, urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, kimo dhiraa moja na nusu, kisha lifunikwe kwa dhahabu ndani na nje. Vipimo vitatu, wala hakuna kilichoachwa. Chini ni dhiraa za mraba 3 na robo tatu. Mbavu mbili ndefu ni 7 na nusu. Mbavu mbili fupi ni 4 na nusu. Jumla, bila kifuniko, kilichoagizwa kuwa cha dhahabu safi, ni 15 na robo tatu kwa upande wa nje, na ndani karibu vivyo hivyo. Mtu awezaje kuifua dhahabu itoshe uso wote, bila kuujua uso huo? Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, awe na akili na maarifa ya kazi, nayo mikono yake haikuachwa bila kipimo. Hata mbao za Maskani, katika sura ya 26, kila mmoja umetajwa urefu wake dhiraa kumi na upana wake dhiraa moja na nusu. Mungu hakuagiza mbao kwa jina. Alitaja upana.

Wala Kanisa letu la pwani halikuanza kwa kutenga kitabu na randa. Mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo, waliwafundisha watu waliokombolewa utumwani kusoma na kazi za mikono pamoja, useremala ukiwamo. Waliona kwamba mtu aliyetoka katika minyororo hatakuwa huru kwa sala tu. Yampasa kuwa na kazi, tena kazi ambayo hataibiwa malipo yake. Leo wazazi wengine wametenga vilivyounganishwa. Mtoto akishindwa hesabu, baba asema, “Huyu mpelekeni useremala.” Ajabu kubwa! Ni kama kusema: huyu haoni vizuri, mfanyeni nahodha. Mtoto asiyejua sehemu na kuzidisha atapelekwa kuharibu mvule na mkongo uliokua muda mrefu kuliko umri wa babu yake. Kila ubao unaokatwa kwa makosa hutaka mti mwingine uanguke, na misitu ya nyuma ya Bagamoyo haingoji tujifunze.

Na walimu wengine wana sehemu yao katika lawama. Wafundisha urefu mara upana miaka mitatu mfululizo, na mtoto hakugusa ubao hata mara moja, ingawa dawati analokalia ni ubao. Mpeni futikamba alipime dawati lake. Asipopata jibu la haki, dawati litamwonyesha.

Basi nashauri haya. Kila kigango na kila kamati ya shule iwe na futikamba yake, isiyo ya fundi wala ya muuzaji. Mbao zipimwe upana mbele ya wote wawili kabla ya kulipa, katika ncha mbili na katikati, na bei ipatanwe kwa uso uliopo. Vipimo vya kazi viandikwe pamoja na eneo lake katika karatasi mbili, moja ya fundi na moja ya mwenye kazi. Fundi achore mpango wa kukata kabla ya kuwasha msumeno. Na mzazi anayetaka mwanawe awe seremala, amhimize katika hesabu mara mbili kuliko yule anayetaka mwanawe awe karani. Maana karani akikosea hufuta, lakini ubao uliokatwa hauungwi ukawa mzima.

Wako watakaosema mwalimu amefanya jambo dogo kuwa kubwa kwa ajili ya inchi moja. Nawajibu: enendeni leo mkapime upana wa mbao zilizomo katika milango yenu na vitanda vyenu, kisha mkumbuke mliulipia upana gani. Mkikuta ni sawa, mshukuruni fundi wenu na muuzaji wenu, maana mmepata watu wa haki. Mkikuta pungufu, basi ubishi wenu si na mimi, ni na futikamba.

Ndimi ndugu yenu,
Mwalimu, Bagamoyo.